Meli za mvuke za mto Saskatchewan

Saskatoon, Kanada

Shikamoo Baba Mkubwa,

Huku wote wazima. Uliuliza kwenye simu meli za mvuke zilipitaje mto huu, maana pichani unaona mafungu ya mchanga mengi kuliko maji. Siri iko kwenye tumbo la chombo.

Ukiifikiria Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika ya hapo Kigoma, utapotea. Meli yenye mkuku, yaani boriti ndefu ya chini ya tumbo, na rafadha, yaani panga la kuisukuma, chini ya maji huku ingepwelewa siku ya kwanza. Northcote, iliyoshushwa majini na Kampuni ya Hudson's Bay mwaka 1874, ilifikia meta 45 hivi kwa urefu, ila tumbo lake lilikuwa bapa kama sinia, na bila shehena halikuzama hata meta moja. Gurudumu kubwa la mbao lilikaa tezi, yaani nyuma, likisukumwa na pistoni mbili, moja kila ubavu. Gogo likivunja mbao za gurudumu, seremala wa melini alipigilia nyingine hapohapo ukingoni. Rafadha ingekatika nani angeitengeneza?

Usukani haukuwa mmoja. Mbao zake kadhaa zilipangwa mbele ya gurudumu, hivyo hata likizungushwa kinyumenyume maji yalizipiga, na nahodha aliweza kugeuza meli kwenye kona kali huku mkondo ukimsukuma.

Udhaifu wa tumbo bapa ni kupinda. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, iko mbele, mitambo iko nyuma, na katikati hamna mkuku wa kubeba uzito huo. Kwa hiyo fito za chuma zilitoka omo, yaani mbele, hadi tezi juu ya nguzo, zikikazwa kwa skrubu. Zikilegea, ncha zinashuka, maungio yanaachia na maji yanaingia.

Fungu la mchanga lilikuwa jambo la kila siku. Baharia alipima kina kwa upondo, ule mti mrefu. Meli ikikwama, miti miwili minene ilisimikwa mchangani, mmoja kila upande wa omo, vichwa vikiinamia mbele. Kamba ilitoka ubavuni, ikapita kwenye kapi, kigurudumu cha kamba, juu ya mti, ikarudi kwenye winchi, mashine ya kuvuta kamba. Winchi ikivuta, omo inanyanyuka. Gurudumu likisukuma wakati huohuo, meli inasogea hatua moja. Kisha miti inasimikwa tena mbele. Kazi ya kuvunja mgongo, na fungu linalofuata liko palee.

Boila nayo ilikunywa maji ya mto, tope na yote. Tope lisipotolewa mara kwa mara hutuama juu ya bati, maji hayakigusi tena chuma, chuma kinaungua, kinavimba, mwisho kinapasuka. Kuni zilikatwa na kupangwa kingoni. Zikiwa mbichi moto hausimami na mvuke hautoshi kupanda penye mkondo mkali.

Maji mengi huja Juni na Julai theluji ya milima ya Rocky ikiyeyuka. Baadaye mto unapungua na mizigo inabaki njiani, halafu barafu inafunga kila kitu. Reli haikuwa na shida hizo, ndiyo maana ilizimaliza meli hizi.

Hata maji mengi hayakuwa salama. Tarehe 7 Juni 1908 mto ulikuwa umefurika hapa Saskatoon, nyaya za simu zikafunikwa na maji. Meli ya City of Medicine Hat ikazinasa, usukani ukakataa, mkondo ukaibamiza kwenye nguzo ya daraja. Ikaishia hapo.

Msalimie Mama Mkubwa. Asha anasema atawapigia Jumapili.

Mwanao,
Juma