Mvua tunaitaja, ardhi hatuitaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kabla masika hayajatukuta. Kila yakitokea mafuriko, habari huishia kwenye mvua: imenyesha kubwa, imeleta maafa. Ardhi iliyoipokea haitajwi.

Mpwa wangu anaendesha lori Omaha, jimbo la Nebraska huko Marekani. Mafuriko ya Machi 2019 yalimkuta huko. Aliponipigia simu nilimuuliza kama mvua ilinyesha wiki nzima. "Hapana, mjomba, chini ndiko kulikuwa kumefunga." Udongo ulikuwa umeganda kwa baridi, na juu yake theluji. Ikaja mvua pamoja na upepo wa vuguvugu wenye unyevu, na upepo wa namna hiyo huyeyusha theluji kuliko mvua yenyewe. Maji yote yakakosa pa kuingia, yakakimbilia mitoni, na mito nayo ilikuwa na barafu. Ilipokatika, mabonge yake yakashuka na maji. Tarehe 14 Machi bwawa la Spencer kwenye mto Niobrara, lililojengwa 1927, likabomoka. Karibu theluthi ya kambi ya jeshi la anga ya Offutt ikafunikwa na maji.

Mimi ni fundi mwashi, na hayo niliyaelewa mara moja: ardhi iliyoganda haina tofauti na sakafu iliyopigwa niru.

Tanga hatuna theluji. Lakini siku hizi mteja anataka ua wote uwe saruji au vitofali, kuanzia mlangoni hadi ukutani, asikanyage tope. Namwambia aache ukanda wa udongo apande hata mipapai, au tuchimbe shimo tulijaze mawe, maji yanywee humo. Wengi hukataa, wanaona eneo linapotea. Basi maji ya paa hutokea getini na kumfuata jirani wa bondeni. Mtaani kwetu kuna bibi mwenye nyumba ya udongo ambaye kila masika hutoa magodoro nje. Ua wake yeye haujamwagwa hata karai moja la zege! Jambo hili linaniuma sana.

Mitaro izibuliwe, sikatai. Ila naomba waandishi wako wapite Ngamiani na Makorora sasa, kungali kukavu, wapige picha nyua zilizosakafiwa, kisha wawaulize wanaotoa vibali vya ujenzi: mwenye nyumba anatakiwa kuacha udongo kiasi gani? Majibu yachapishwe mapema, watu wangali na muda wa kung'oa walau mistari miwili ya vitofali.

Fundi mwashi,
Makorora, Tanga