Madaktari wa meno, tuambieni mapema mtoto atashindwa kutafuna

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili limenikaa rohoni. Binti yangu ana miaka 8, magego yake ya juu upande wa kushoto yalikuwa yanaingia ndani ya yale ya chini, wakati inatakiwa ya juu ndo yafunike, kama mfuniko wa sufuria. Taya la juu lilikuwa jembamba, sasa ili meno yakutane mtoto akawa anasogeza taya la chini pembeni, mpaka kidevu kikaenda upande na sie nyumbani tunasema kamfata babu yake. (Kidole kanyonya mpaka miaka mitano, hilo nakiri.)

Akawekewa kimashine kwenye kaakaa chenye skrubu, unazungusha kwa kifunguo, kila robo mzunguko kinapanua robo milimita. Wiki ya pili meno ya mbele yakaachana, bibi yake nusura azimie, kumbe ndo dalili taya linafunguka, na ule mwanya ukaja kujifunga wenyewe.

Kilichonitesa ni kula. Nyama hawezi, muhogo anaumumunya tu, mtoto akawa wa uji asubuhi uji jioni, mie nikajua mashine imemharibu nikawa tayari kuitoa. Hakuna aliyeniambia kwamba nguvu ya kung'ata inashuka wakati wa matibabu! Daktari mwingine kabisa ndo akanifafanulia: meno yakiwa safarini yanagusana ncha kwa ncha, tena sehemu chache, kwahiyo mtoto anang'ata kinyonge. Yakishatulia na mfupa ukajaa, nguvu inarudi. Na kumbe hata kabla ya tiba watoto wa hivi wanang'ata kinyonge kuliko wenzao, ila kwa kuwa wamezoea hawasemi.

Jirani yangu mmoja alimtoa wake mashine katikati kwa sababu hiyohiyo, meno yakarudi yalikokuwa, hela imeenda. Sasa madaktari wetu, ni dakika ngapi kumwambia mzazi "miezi hii mpikie vitu laini, usiogope"? Andikeni hata kikaratasi kimoja, kwa Kiswahili.

Wangu ana mwezi wa tisa sasa tangu aanze matibabu, muhogo anakula. Ila muwa bado anaukwepa, na kutafuna bado anapenda upande wa kulia, ukimuuliza anakwambia kazoea.

Mama wa watoto watatu,
Tabata, Dar es Salaam