Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida nitayapitia haraka. Ada wengi mmelipa, michango miwili ya msiba imefika nyumbani salama, na hesabu mweka hazina atawasomea mwenyewe. Mimi nimesimama kwa jambo moja: barua za kukataliwa fidia kutoka VA, idara ya Marekani inayotuhudumia sisi maveterani, yaani tuliotumikia jeshi lake, ambazo wenzetu walizijibu wakati siku zimeshapita.

Watatu kati yetu yamewakuta mwaka huu. Wa nne ni mimi, mwenyekiti wenu. Barua yangu ilifika nikiwa nyumbani kwenye matanga ya baba mkubwa. Shemeji akaipokea, akaiweka juu ya friji pamoja na matangazo ya madukani. Niliporudi nikaifungua, nikaanza kuhesabu kuanzia siku hiyo. Kumbe hesabu huanza na tarehe iliyoandikwa juu ya barua yenyewe.

Tangu Februari 2019, sheria mpya ya rufaa ilipoanza kutumika, aliyekataliwa ana milango mitatu: kuleta ushahidi mpya kwa fomu 20-0995, kuomba ofisa wa ngazi ya juu alipitie upya faili kwa fomu 20-0996, au kwenda Bodi ya Rufaa kwa fomu 10182. Mwisho ni mwaka mmoja. Ukipita, mlango wa ushahidi mpya unabaki wazi, na hapo ndipo tunapojifariji vibaya. Haki ya kuomba unayo bado. Iliyopotea ni tarehe ya kuanzia malipo. Ukijibu kila uamuzi ndani ya muda wake, malipo yanaweza kurudi nyuma hadi siku ya ombi la kwanza. Ukichelewa, hayarudi nyuma kupita siku ya ombi jipya, ingawa goti unaloombea fidia ni lilelile. Malimbikizo yangu ya miaka miwili yameondoka hivyo.

Bodi nayo ikikukatalia na ukataka kwenda Mahakama ya Rufaa ya Maveterani, una siku 120. Siku, si miezi minne! Mwenzetu barua yake ya Bodi ilikuwa ya tarehe 3 Juni, naye akajiwekea 3 Oktoba. Siku ya mwisho ilikuwa 1 Oktoba. Mwingine alipeleka karatasi zake ofisi ya VA ya hapa jirani akidhani zitafikishwa, wakati rufaa hiyo inapelekwa mahakamani kwenyewe, Washington. Ukiituma kwa posta ya serikali, ikiwa na anwani sahihi, muhuri wa posta unaosomeka ndio unaohesabiwa. Kampuni binafsi za vifurushi hazikupi nafuu hiyo.

Mmeniuliza kama kuchelewa kunasameheka. David Henderson, aliyekuwa jeshini wakati wa vita vya Korea na kutoka na maradhi ya akili, alichelewa siku 15 kwenda mahakamani, rufaa yake ikatupwa. Alifariki kesi ikiendelea, mkewe akaishika. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema zile siku 120 si ukuta unaoinyima mahakama mamlaka. Basi kwa mlango huo, aliyezuiwa na jambo zito, kama ugonjwa, ana pa kujitetea. Sidhani matanga yangu yangetosha.

Lakini mwaka 2023 mahakama hiyohiyo ilimkatalia Adolfo Arellano. Yeye aliomba fidia mwaka 2011, karibu miaka 30 baada ya kuacha jeshi la majini, akitaka alipwe tangu alipotoka kwa kuwa ugonjwa ndio uliomzuia. Majaji wote walisema ule mwaka mmoja baada ya kuacha jeshi, ambao ukiomba ndani yake unalipwa tangu ulipotoka, haurefushwi, hata kwa huruma. Tafadhali msizichanganye kesi hizi mbili. Nimesikia mtu akimpa mwenzake moyo kwa Henderson wakati shida yake ni ya Arellano.

Baadhi yetu tuliingia kwa MAVNI, mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi maalumu, jeshi likitutaka kwa ajili ya Kiswahili chetu. Leo Kiingereza cha barua zao tunakiogopa hata kukifungua. Wawakilishi walioidhinishwa wa vyama vya maveterani, DAV na American Legion, husaidia bure, ila kumweleza mtu kwa mdomo si kuwasilisha rufaa. Hakikisheni fomu imekwenda, na mbaki na nakala. Anayeanza ombi jipya apeleke kwanza fomu 21-0966, inamshikia tarehe kwa mwaka mzima wakati anakusanya vyeti vya hospitali.

Naomba mkutano uidhinishe daftari la tarehe, litunzwe na katibu na msaidizi wake, ili anayesafiri awe na mtu wa kumfungulia barua. Na jamani, acheni kupiga picha barua hizo na kuzitupia kwenye kundi la WhatsApp. Zina namba zenu binafsi za utambulisho.

Waliokuja na barua, pamoja na bahasha zake, katibu yuko meza ya pembeni karibu na chai. Mweka hazina, karibu.