Barua kwa Mwanangu, Kiranja Mkuu Mpya

Busia, upande wa Uganda

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote hatujambo. Bibi yako amepona mafua, na mdogo wako ameanza kuvaa sweta yako bila ruhusa. Barua yako niliipata kwa mkono wa mjomba, lakini habari zilikuwa zimeshafika. Mama wa mwenzako wa S5, kidato cha tano, yule anayeuza mitumba karibu na steji, aliniita tangu mbali: "Mama Kiranja!" Hongera sana. Baba yako anajifanya hajali, ila kila anayepanda boda yake siku hizi anasimuliwa.

Nimesoma ahadi zako za kampeni. Filamu kila Jumamosi, mkate wa siagi Jumapili, maji ya moto bwenini msimu wa mvua. Sawa. Bila ahadi za tumbo sijui kama kuna anayechaguliwa Uganda hii, bwenini wala bungeni. Lakini nilizisoma tena nikitafuta kama humo kuna lolote la msichana ambaye hukuwahi kumwuliza anataka nini. Sikuliona. Barua hii ni kwa ajili ya huyo.

Anza na foleni ya chakula. Uliniambia viranja hawapangi. Wanapita mlango wa jikoni na kupakuliwa maharage mazito kabla kengele haijalia. Wanafuata S6, kisha S5, na wadogo wa S1 wanaachiwa mchuzi. Yule msichana wa magongo uliyenisimulia huwa wa mwisho siku zote. Yuko S4, angestahili kuwa katikati, lakini bwalo liko bondeni na ngazi zake hazina pa kushika. Anapofika, mpishi anakwangua sufuria. Siku ya wazazi kila mtu anasema "mwacheni apite mbele." Siku nyingine wamesahau.

Nenda ukapange foleni, mwanangu. Mwisho kabisa, na sahani yako, na usitangaze. Ukila ukoko wa posho, ugali wetu wa shuleni, wiki nzima utajua mambo ambayo kiranja wa chakula hataandika kwenye ripoti: nani anarudi bwenini bila kula, nani anampakulia rafiki yake mara mbili, sufuria ipi huisha mapema. Ukishajua, nenda kwa matroni, na usimwombe awahurumie walemavu, maana huruma ya mtu huisha zamu yake ikiisha. Mwombe sufuria moja iwe inawekwa juu, kwenye veranda ya madarasa, apakuliwe pale yeyote anayeshindwa kushuka, awe na magongo au awe na malaria. Sufuria ikishakuwa na mahali pake, hata matroni mwingine akija ataikuta pale.

Ila kabla ya matroni, mwulize msichana mwenyewe. Huenda hataki sufuria ya veranda. Huenda anataka ngazi ziwekewe bomba la kushikilia ili ale mezani na wenzake. Mimi na wewe tunakisia tu.

Wewe umekulia mpakani, umewaona wale wa baiskeli za magurudumu matatu wanazozungusha kwa mikono, magunia yamepangwa mpaka mwendeshaji haonekani. Miaka mingi wafanyabiashara wa Busia wamevusha mizigo kwa baiskeli hizo. Watu wale hawakungoja msamaria wa kuwasemea. Waliunda chama chao, wakachagua viongozi wao, na wakienda kwa maofisa wa forodha walikwenda na madai yao wenyewe. Mtu akitaka kuwasaidia leo, itambidi kwanza awasikilize.

Na matangazo ya paredi pia yaandikwe ubaoni karibu na mlango wa bweni. Katiba yetu ya 1995 ina maneno kuhusu kukuza lugha ya ishara, lakini shuleni kwenu kila kitu kinapigiwa kelele, na mwenye masikio mazito anajua ratiba imebadilika akishaadhibiwa.

Kinachoniuma zaidi ni kile kibao. Umesema daftari la wanaokamatwa wakiongea lugha za nyumbani sasa linakaa kwako, pamoja na kibao chenyewe cha mbao na kamba yake. Aliyekamatwa anakivaa shingoni mpaka amkamate mwingine, na jioni wote waliokivaa wanafagia uwanja. Na wiki ile uliyoandika kilikuwa shingoni mwa yule mgeni wa S2 kutoka Kongo, aliyekuja kwenu akitokea kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Kambi ya Nakivale ilikuwapo kabla nchi hii haijapata uhuru. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na tunasifiwa kwa hilo duniani kote. Mtoto huyu amesoma kwa Kifaransa tangu chekechea, amerudishwa madarasa nyuma kwa sababu ya Kiingereza, na usiku kichwa kikimuuma lugha anayoweza kuombea dawa ni Kiswahili. Ndicho hicho Kiswahili ambacho Baraza la Mawaziri lilikipitisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi, kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Anafagia uwanja kwa kuongea lugha rasmi! Ningecheka kama asingekuwa mtoto wa mtu. Najua kwa nini Waganda wengi bado wanakitazama Kiswahili kwa jicho la pembeni. Wazee wao walikisikia vinywani mwa wanajeshi, kwenye vizuizi vya barabarani, enzi za Amin na baada yake. Msichana wa S2 hahusiki na hayo.

Huwezi kukitupa kibao jikoni kiwe kuni, ingawa ningefurahi. Kanuni ni ya shule. Lakini unaweza kwenda kwa mwalimu mkuu, usiende peke yako, nenda na viranja wenzako na pendekezo lililoandikwa: Kiingereza darasani na kwenye paredi, bwenini na kwa nesi kila mtu aongee anachokijua. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 unataka wanafunzi wajadiliane na kufanya miradi kwa vikundi. Mwambieni kwamba asiyethubutu kufungua mdomo hawezi kujadiliana na mtu. Akikataa, daftari bado liko mkononi mwako, na kalamu huweza kukauka wino kwenye majina fulani. (Usimwambie mwalimu kwamba mama yako ndiye aliyeandika hivyo.)

Tena usimfanye huyo mgeni kuwa mradi wako. Usimpandishe jukwaani kila siku ya utamaduni na kitenge aiwakilishe Kongo. Mpe kazi. Kamati ya maktaba, timu ya mpira wa pete, chochote anachokitaka yeye. Anayepewa sabuni hushukuru na kunyamaza. Mwenye kazi atabishana nawe mkutanini, na wewe unataka mtu wa kubishana nawe.

Hili la mikutano nalijua kutoka LC1, baraza letu la kijiji. Viti tunavyo tele nchini kwetu. Mwaka 1994 Specioza Kazibwe alikuwa makamu wa rais, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Afrika. Kila wilaya ina mbunge wake mwanamke, walemavu wana wabunge wao 5, na Katiba inataka theluthi moja ya viti vya halmashauri viwe vya wanawake. Hata kamati ya kijiji ina nafasi ya wanawake, ya vijana na ya walemavu. Unakumbuka Julai 2018, tulipopanga mstari nyuma ya wagombea, uchaguzi wa kwanza wa vijiji tangu 2001. Nami nikaingia kwenye kamati kwa kiti cha wanawake. Mkutano wa kwanza wanaume walizungumza usalama, wakazungumza mitaro, wakazungumza usalama tena, kisha mwenyekiti akanigeukia kwa heshima zote: "Mama, chai imefikia wapi?"

Kiti nilikuwa nacho. Ajenda ndiyo sikuwa nayo. Mkutano uliofuata nilimwendea katibu nyumbani kwake kabla hajaandika ajenda, nikampa langu: giza la njia ya sokoni, ambako kina mama wanapita usiku na pesa za mauzo. Likaandikwa namba moja, na hakuna aliyekumbuka chai. Sasa angalia baraza lenu. Kama kuna kiranja wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, tazama huwa anasema saa ngapi. Kama zamu yake inafika kwenye "mengineyo," kengele ya masomo ya jioni ikiwa imeshalia, huyo mna jina lake tu. Wewe ndiye unayepanga ajenda.

Kuna na yule wa S3 aliyejifungua akarudi. Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mwaka 2020 unaoruhusu msichana kama yeye kurudi darasani, lakini mwongozo haulali bwenini. Taa zikizimwa wakaanza kumwita "Mama Toto," waziri hayupo, upo wewe. Hapo usiandike pendekezo wala usiitishe mkutano. Mwite kwa jina lake, kwa sauti, mbele yao, kila siku. Na kitanda chake kiwe karibu na chako.

Watakaokasirika kwanza watakuwa viranja wenzako, hasa kwa ule mlango wa jikoni. Walimu watafuata baadaye, kama watafuata. Usiwaaibishe wenzako mbele ya S1. Kaa nao kwanza, waambie unachotaka kufanya, na asiyetaka kupanga foleni mwache apite mlango wake. Wadogo wana macho.

Likizo ikifika kuna mkutano wa vijana hapa kijijini. Wasichana hawaji kwa sababu unafanyika saa moja jioni na hakuna mama anayemruhusu binti atoke saa hizo. Nimemwomba mwenyekiti ausogeze uwe saa tisa alasiri, amesema atafikiria. Utakapokuja utamkumbusha, wewe anakuogopa.

Shangazi atakuletea sabuni, sukari na pakiti mbili za pedi. Moja yako, nyingine umwachie matroni bila kutaja jina. Pesa ya matumizi ameishika yeye, usimdanganye kwamba hujala.

Niandikie mwalimu mkuu amesemaje kuhusu lile daftari. Na uniambie nani alikuwa akilishika kabla yako, maana nadhani mama yake namfahamu.

Mimi mama yako.