Kutafuta Lindi katika magazeti ya zamani

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu wanafunzi wa Lindi na Mtwara wanaotumia katalogi za magazeti ya kale mtandaoni. Wengi huandika "Lindi", wakikosa kitu hukata tamaa. Katalogi kwa kawaida huorodhesha jina la gazeti, tarehe na namba ya kumbukumbu, si kila habari iliyomo. Basi mwanafunzi aanze na jina la gazeti la wakati ule: Daily News limeanza 1972, magazeti ya nyuma yatafutwe chini ya The Standard na Tanganyika Standard, lililoanza 1930. Mkoa wa Lindi nao ulimegwa kutoka Mtwara 1971, na enzi za Mwingereza eneo lote lilikuwa ndani ya Southern Province. Pale ambapo maandishi ya kurasa zenyewe yanaweza kutafutwa, anayechunguza mradi wa karanga Nachingwea aandike "groundnut", miaka 1947 hadi 1951. Neno "karanga" halitampa kitu katika gazeti la Kiingereza.

Hata kurasa hizo zilizopigwa picha hudanganya: wino ukififia, kompyuta inayogeuza picha kuwa maandishi husoma "e" kuwa "c", na Nachingwea ikapotea. Ajaribu "Nachin*", nyota ikisimama badala ya herufi zilizobaki, tovuti ikiruhusu.

Napendekeza maktaba zetu zibandike jedwali la majina haya na miaka yake kando ya kompyuta.

Msomaji,
Mtwara