Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yetu

YAH: KUSIMAMA KWA KLINIKI YA MKOBA

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali. Kila Januari napokea watoto wa miaka mitano ambao hawajatiwa machoni na mtumishi yeyote wa afya tangu walipochanjwa surua na rubela ya pili, wakiwa na miezi 18. Kliniki ni ya mpaka miaka mitano, lakini zahanati iko mbali na mtoto haumwi. Kadi inawekwa sandukuni.

Kitongojini kwetu pengo hilo aliliziba nesi wa mkoba, yaani anayetoka zahanati kuwafuata watoto waliko. Mara moja kwa mwezi alifika na pikipiki, akatundika mizani kwenye mwembe. Mtu angedhani anapima kilo tu. Kumbe mtoto akivuliwa nguo apimwe, nesi anauangalia mwili wote: alama za fimbo mgongoni, kovu la moto lisilo na maelezo, mkono ambao utepe wa kupima lishe umeangukia kwenye nyekundu, chini ya sentimita 11.5, dalili ya utapiamlo mkali. Mwaka juzi aliona alama hizo kwa mtoto aliyeachiwa ndugu baada ya mama kwenda mjini kutafuta kazi. Hakufoka. Alikaa mkekani na bibi wa mtoto, wakaongea taratibu, na jioni ileile akampigia afisa ustawi wa jamii. Mtoto huyo leo yuko darasani kwangu.

Najua Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa, na namba 116 ya simu ya kuripoti ukatili kwa watoto ipo. Majirani tulikuwa tukisikia kilio kile usiku. Tulinyamaza, na bado linaniuma. Lakini sisi hatuwezi kuingia kwa mtu tukamvua mtoto shati. Nesi anaweza, na mama anamshukuru.

Tangu Machi mkoba umesimama. Tunaambiwa mafuta hakuna. Nesi mwenyewe amebaki peke yake zahanati: anazalisha, anachanja, anagawa dawa. Simlaumu hata kidogo.

Naomba bajeti ijayo iwe na fungu la mafuta ya mkoba lisiloguswa kwa safari nyingine, na zahanati iongezewe muuguzi mmoja. Kwa sasa wazazi tumekubaliana kuchangia mafuta wenyewe. Tunachosubiri ni kibali chako ili nesi aje, hata mwezi huu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa elimu ya awali