Hatuombi sungura, tunaomba nyumba zao

Jambo kwenu wote, wamama na wababa, bandugu ba Bagira, komini ya Bukavu hapa Kongo, na nyinyi wenye muko mbali lakini bado munaulizaka "Bagira inaendeleaje". Mi njo katibu wa kikundi cha wamama wa shirika yetu (jumuiya ndogo ya kanisa), tuko wamama 22, nimetumwa kuandika hii juu tulikubaliana Jumapili kisha misa kwamba safari hii hatutapita nyumba kwa nyumba na anvelope. Watu wamechoka na anvelope. Tutaeleza makuta (pesa) ni ya nini na yatafanya kazi gani, kila mtu asome kwa wakati wake, akiona iko na maana achange, akiona haina maana atuulize, hatutakasirika.

Tunafuga sungura. Najua kuna wenye wamecheka hapo. Kwetu Bushi, inchi ya Bashi, mali ni ng'ombe, mtu anaoa kwa ng'ombe, sungura na dende (simbilisi) ni vitu ya watoto, mtoto anafuga nyuma ya jiko, siku mgeni akifika papa anachinja bila hata kumuuliza mwenye mnyama. Sawa. Lakini ng'ombe utaiweka wapi hapa, parsele (viwanja) zenyewe jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Nguruwe tulijaribu, ile homa ya nguruwe ikipita mara moja inafagia mtaa mzima. Mbuzi inalia, mwizi anaisikia mbele yako. Na hii miaka yenye tumepita, mnyama mkubwa anaonekana mbali, hiyo sina haja ya kuieleza. Sungura hana kelele, anakula majani, na siku mbaya ikifika unamuweka mu kikapu, unafunika na kitenge, unaenda naye.

Kuna mzee moja wa shirika alisimama akasema nyama ya sungura si ya kwetu, ni ya wazungu. Tukamuuliza, mzee, na sambaza? Sambaza, zile samaki ndogo, zilitolewa ziwa Tanganyika zikamwagwa mu ziwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950, leo nani anakula bugali bila kuzitamani. Alicheka, akachanga franga elfu tano.

Sasa niseme jambo lenye wengine walitaka tulifiche. Hii si mara yetu ya kwanza. Kulikuwa mradi moja, sitataja jina, ulitupatia sungura, kila mama jike mbili, dume moja kwa wamama watano hivi, tukapigwa picha tumezishika kwa masikio (vibaya kabisa, sungura hashikwi masikio, unashika ngozi ya shingoni na mkono mwingine unabeba matako yake), wakapanda gari wakaenda. Klapie (nyumba ya sungura) hakuna. Walisema "mutajipanga". Na tukajipanga kweli, mwingine aliziweka chini ya kitanda, mwingine mu karto (boksi), mwingine jikoni pamoja na kuku na moshi, mimi mwenyewe niliziweka mu choo ya zamani yenye tulikuwa tumeifunga. Kwa jike 44, miezi mitatu baadaye zilibaki 6. Mradi walikosa, lakini na sisi tulipokea mnyama bila kuuliza atalala wapi, tukasaini na fishi (karatasi).

Tulichojifunza ni hiki. Sungura anaogopa joto kuliko baridi, na Bukavu tuko karibu metre 1500 juu, hewa yetu inamfaa vizuri. Chenye kinamuua ni unyevu na uchafu. Akilala juu ya mikojo yake miguu inapata vidonda, akikanyaga mavi yake akala majani yenye yamegusa mavi anapata koksidiozi, tumbo linavimba sawa ngoma, anahara, na wale wadogo wenye wameachishwa maziwa sasa hivi njo wanakwisha kwanza. Majani ya asubuhi yenye umande, au yenye mvua imenyeshea, hayo usimpe, unayatandika kivulini kwanza yanyauke. Na masikio, ukiona ukoko ndani ya sikio na anatikisa kichwa kila saa, ni upele, ukimuacha utaenea kwa wote.

Lakini yangu mi nitawasimulia, juu njo iliniingiza mu hii kazi ya kuandika. Kati ya zile 6 zenye zilibaki, moja ilikuwa yangu, ya kijivu, watoto waliiita Sœur juu ya ule weupe shingoni. Ilipandwa, siku ya 29 nikaikuta inajitoa manyoya kifuani kwa meno, inayapanga mu pembe ya karto na majani makavu, sikujua ni nini, nilifikiri ni ugonjwa. Siku ya 31 asubuhi nikainua yale manyoya nikakuta vitoto nane, vyekundu, bila nywele, macho yamefungwa, vidogo sawa kidole changu cha gumba. Mchana mzima Sœur haikuvikaribia. Nikalia nikasema imevikataa. Kumbe sungura ananyonyesha mara moja tu, usiku ao alfajiri, dakika chache, kisha anaenda zake, njo tabia yake, hata haiketi juu yao sawa kuku. Vikakua. Siku ya kumi macho yakaanza kufunguka, kimoja kilikuwa na kidoti cheusi puani, binti wangu akasema hiki ni changu.

Usiku wa siku ya kumi na mbili mvua ilinyesha sana, na mnajua mvua ikinyesha vile siafu wanahama. Asubuhi nilifungua mlango, nikaona manyoya mu karto yanatembea. Hayakuwa manyoya. Sœur mwenyewe alikuwa amepanda juu ya bidon, anatetemeka, mzima. Vitoto vyote nane, sikuweza hata kumwita binti wangu aone.

Karto ilikuwa chini, njo kosa lote. Ingekuwa juu, miguu yake ndani ya mikebe yenye mafuta, siafu wasingefika.

Basi njo mana hatuombi sungura. Sungura tuko nazo, jike 9 na dume 2 ku nyumba ya mama wa kese (mtunza pesa wetu), mu klapie ya kwanza yenye tulijengesha kwa mchango yetu wenyewe, na zinazaa vizuri. Tunaomba nyumba. Kila klapie ina vyumba vitatu, moja ya jike, moja ya vitoto vikishaachishwa, moja ya jike ya pili. Inasimama juu karibu metre moja, miti ya karatusi, mbele griyaje (wavu wa chuma), chini vipande vya mianzi vimepasuliwa na nafasi kidogo kati yao, mavi yadondoke lakini mguu usiingie, juu manjanja (mabati) hata ya zamani. Na sanduku la kuzalia lenye linaingizwa siku ya 28 ya mimba, linatolewa vitoto vikianza kutoka vyenyewe. Fundi wetu ni kijana wa hapa Nyakavogo, ile klapie ya kwanza aliifanya vizuri, sema tu anapenda kuomba avansi (malipo mbele ya kazi).

Hesabu iko hivi. Klapie moja, mbao, mianzi, griyaje, misumari, manjanja na fundi, ni dola 35. Kwa wamama 22 ni dola 770. Dume mbili zingine kutoka mbali, tunafikiria kuzinunua Kabare, dola 15 kila moja, juu hatutaki baba apande binti zake, vitoto vinakuja dhaifu. Dawa ya koksidiozi na ya upele, dola 40. Yote pamoja 840. Sisi tumeshakusanya 214, kila Jumapili mama anatoa chenye iko nacho. Zinabaki 626.

Mtu akitoa dola 35 amejenga nyumba moja, tutaandika jina lake ku klapie kwa rangi kama anapenda, asipopenda tutaandika la mtakatifu. Mtu akitoa dola mbili ni misumari. Hata franga.

Makuta yanakaa wapi, mtauliza, na muko na haki. Tangu benki zifunge hapa mwanzo wa 2025 kila kitu kinapita ku simu na ku sanduku. Sisi tuko na AVEC yetu (kikundi cha kuweka na kukopeshana) tangu zamani, sanduku ya chuma yenye kufuli tatu na funguo tatu kwa wamama watatu tofauti, hakuna anayeweza kuifungua peke yake, na tunahesabu mbele ya wote. Mwenye iko mbali aniandikie kwa faragha, nitamtumia namba ya mama wa kese, na makuta yakifika atapata picha ya ukurasa wa daftari wenye jina lake. Mwenye iko hapa alete mwenyewe Jumapili.

Na si zawadi ya bure. Kila mama atapokea klapie na jike moja yenye mimba. Ikizaa na vitoto vikifikisha wiki sita, anatoa jike mbili kwa mama mwenye anafuata ku orodha. Dume inabaki kwa mama wanne wenye walishaonyesha wanajua kazi, jike njo inapelekwa kwa dume, si dume kwa jike, ukimpeleka dume kwa jike watapigana, ile chumba jike anaona ni yake. Ukihesabu polepole, bila kuchosha jike, mara nne kwa mwaka, vitoto vitano vyenye vinaishi kila mara, ni 20. Kuna wenye watawaambia mara nane kwa mwaka, msiwasikilize, jike atakonda na atakufa. Sungura wa miezi minne tunamuuza jirani dola 5 hadi 7. Shule ya msingi hailipwi tangu 2019, lakini humaniti (sekondari) inalipwa, na njo pale batoto betu banaachia masomo. Wamama 22, tuko na watoto 31 ku sekondari, 9 kati yao walifukuzwa mwaka huu juu ya minervali (karo).

Halafu kuna nyama yenyewe. Hapa bwaki (kwashiorkor, ugonjwa wa utapiamlo) haijaisha, tunaiona ku nywele za watoto. Mama mwenye anauza kumi na nane akapika mbili amefanya kazi. Na mavi ya sungura, haya ni mambo sikuamini, unayaweka moja kwa moja ku lengalenga (mchicha), hayaunguzi mimea sawa mavi ya kuku. Mama moja wa Kasha amejaza magunia sita ya udongo nyuma ya nyumba, lengalenga zake zinafika kiunoni, anatuuzia hata sisi.

Tunataka kumaliza kabla ya mwezi wa tisa. Sasa ni kiangazi, mbao ziko kavu na bei imeshuka kidogo, mvua ikirudi barabara yetu mnaijua, mianzi haitapanda. Na mwezi wa tisa njo masomo yanaanza.

Mwenye hana makuta kabisa, tafazali usione haya, tuko na kazi yako. Usitupe mikebe ya tomati. Tunahitaji nne kwa kila klapie, moja chini ya kila mguu, tunatia mafuta ya vidanji (oili chafu ya gari) ndani siafu wasipande. Ni mikebe 88. Mpaka jana jioni tulikuwa na 31, moja bado ina tomati ndani, mwenye alileta arudi aichukue.